Moja ya Hatibu na Tano ya Matonya

Dodoma,
14 Aprili 1913

Kwa Bashiri, kaka yangu, Tabora.

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Kuluthumu, na kwamba lile goti lako limeacha kutabiri mvua. Sisi hapa tunapumua. Swaumu mke wangu anakusalimu sana. Anasema kitambaa ulichotuletea kilichuja rangi mara ya kwanza kufuliwa, lakini nisikuandikie jambo hilo. Basi sijakuandikia.

Mwandiko ukikusumbua macho, stahimili. Unajua kalamu yangu ilivyo: wino hunimwagikia magotini kabla haujafika karatasini. Safari hii mimi nasema na mtu ananiandikia, naye bado anajifunza.

Kwanza natoa tangazo kuu, lisomwe barazani kwako, na waliokaa wasimame: jogoo wangu mwekundu amepoteza mkia. Alikwenda kudonoa mtama uliomwagika relini, garimoshi likapita, akarudi nyumbani akiwa na upande wa mbele tu. Sasa anawika kwa haya na mitetea hawamjali. Swaumu anasema amefanana na mimi nirudipo sokoni.

Mvua za mwaka huu zilizidi. Kule Bahi maji yalijaa mpaka yakabomoa tuta la reli. Wavuvi wa kambare wamefurahi, wenye mpunga wanalia.

Naona nimezunguka vya kutosha. Umeniandikia kwamba karani mmoja wa huko Tabora amekuambia kuwa katika shule za Wadachi moja ndiyo kubwa na tano ndiyo ndogo, na unataka nikueleze hasa insha ya mwanao Hatibu, uliyeniachia asome hapa, ilisahihishwaje. Umeuliza pia kama kazi ya reli imemfanya mwanamume. Nitakujibu yote mawili, kaka, kwa utaratibu, maana wewe ni mtu wa utaratibu.

Mwalimu wao, yule Mdachi mwembamba, aliwaambia wanafunzi wachague mtambo mmoja, wauchunguze kwa macho yao, waulize wenye kuuendesha, kisha waandike. Atakayeshinda atapelekwa Darisalama kujifunza kazi ya simu, apige maneno kwenye waya kwa mkono wake, avae kofia, alishwe na serikali. Hatibu alichagua simu hiyohiyo. Alikuwa akisimama nje ya dirisha la stesheni hata mpiga simu, mtu wa pwani mwenye hasira, akamchoka na kumwambia aingie.

Mimi nilitaka kumsaidia. Nilimwambia waya una tundu katikati na maneno hupita humo kama maji kwenye mwanzi. Nilikwisha kuweka sikio kwenye nguzo, nikasikia mvumo, nikawaapia watu sokoni kwamba nimesikia Kijerumani. Hatibu alinisikiliza kwa adabu, wala hakuandika hata neno langu moja.

Matonya, mwana wa jumbe wetu, alichagua garimoshi. Aliandika kwamba lina nguvu, ni jeusi, na baba yake ana ng'ombe wengi.

Sasa usahihishaji. Haya nimeyapata kwa mwalimu mwenyewe, amekaa kwenye kigoda changu, magoti yamemfika masikioni. Kwanza hutazama kama mwanafunzi amekiona kitu mwenyewe au amesimuliwa. Aliyesimuliwa hujulikana, kwa sababu hajui harufu ya kitu. Pili hutazama kama maelezo yanafuatana, hata mtu asiyekijua kitu kile aweze kukifuata. Tatu, na hili alilisema kwa kunyoosha kidole, hutazama kama mwanafunzi ameonyesha mahali elimu yake ilipokoma, au amejaza pengo kwa uongo. Mwandiko huja mwisho. Kisha hutia namba. Moja ni yule aliyefika wa kwanza, njia nzima haina mtu mbele yake. Tano ni yule aliyefika vyungu vimekwisha oshwa.

Karibu na mwisho Hatibu aliandika hivi: "Nguvu iliyo ndani ya waya sijui hutoka wapi. Nimeuliza, sikujibiwa." Hapo ndipo mwalimu alipopiga mstari wa wino mwekundu. Aliniambia ndiyo mahali palipompendeza kuliko pote, na ndipo alipoamua kutia moja.

Unaukumbuka mstari ule, kaka. Uliuwekea kidole.

Karani wako hakuwapo siku ile, basi nikukumbushe, maana pengine goti lilikuwa likikuuma hukusikia vizuri. Karatasi zilitolewa, mwalimu akaondoka siku ileile kwenda Kondoa, na wewe ukawa umefika kututembelea. Jumbe aliona tano ya mwanawe, akahesabu vidole vya mkono, vikatimia vyote, akatoa dume la ng'ombe. Mimi ndiye niliyeitwa kulichinja, ili na sisi Waislamu tule. Nilisoma bismillahi kwa sauti nzuri kabisa, kwa heshima ya mtoto wa mwisho darasani.

Tulipokuwa tunakula, jumbe akakuambia, "Bashiri, wangu tano, wako moja. Na huo ujanja wako wa kuuza vitambaa Tabora, hukumbakizia mwanao hata kidogo?"

Watu wakacheka. Nami nilicheka, nyama ilikuwa laini.

Hatibu akasimama. "Baba, moja ndiyo ya mbele. Muulize Matonya, anajua."

Matonya alikuwa na ini mdomoni. Alilitafuna mpaka likaisha, akasema, "Mimi sijui. Mimi nimepewa tano."

"Ukimpa mtu ng'ombe mmoja na mwingine watano," jumbe akauliza, "aliyependwa nani?"

Ukaichukua karatasi, na kwa kuwa mwandiko mdogo hukusumbua macho, ukaomba usomewe penye wino mwekundu. Mpishi wa boma akakusomea. Ukasema, "Hajui! Ameandika mwenyewe kwamba hajui! Nimemsomesha aje kuwaandikia Wazungu kwamba hajui!" Kisha ukavua kubadhi mguuni. Nilimwona Hatibu anakutazama usoni, hakuinua hata mkono kujikinga. Alirudia tu, "Moja ndiyo ya mbele, baba," na kila aliporudia ulimpiga, na kila ulipompiga watu walizidi kucheka, kwa sababu ilifanana na ngoma na kiitikio.

Nilikuambia tumngoje mwalimu arudi. Ulisema mwongo hangojewi. Kulipokucha ukampeleka kwa nyapara wa reli, ukamwambia, "Huyu anajua mambo ya mitambo. Mpe nyundo ayajue vizuri." Ukapanda garimoshi ukaenda zako, na nyapara akawa anausimulia mzaha wako kwa kila kibarua.

Mwalimu aliporudi alikuja kwangu mwenyewe, anauliza, "Yuko wapi wa kwanza wangu?" Alikuwa na cheti cha kumpeleka Darisalama. Ndipo akakaa kwenye kigoda na kunieleza yale niliyokwisha kukuandikia hapo juu. Nilimwelewa upesi, kaka. Mtu mjinga kama mimi huelewa upesi sana mambo yakiwa yamekwisha haribika.

Nilikwenda Bahi kumtafuta. Genge lake lilikuwa limepelekwa huko kutengeneza lile tuta lililobomolewa na maji.

Sasa nakueleza lililotokea, bila jogoo wala mzaha.

Walikuwa wanainua chuma cha reli kutoka kwenye tope, watu wengi kwa pamoja. Wa mbele akateleza. Wenzake wakaruka nyuma kwa sababu wameizoea kazi. Hatibu hakuizoea, akabaki ameshika. Chuma kilitua juu ya mkono wake wa kuume, juu ya jiwe. Nyapara aliona afadhali wamalize kwanza kukiweka mahali pake, kwa kuwa garimoshi lilikuwa linangojwa. Walimaliza. Nilipofika mkono ulikuwa umeanza kunuka. Nilimleta Dodoma kwenye behewa la mchanga, mganga wa Wadachi akaukata juu kidogo ya kifundo. Hatibu hakulia. Aliuliza tu kama wapigaji simu hutumia mkono gani, na mganga, ambaye hakujua habari zetu, akamwambia: wa kuume.

Mwalimu alikuja kumtazama. Alitoa kile cheti mfukoni, akakitazama, akakirudisha mfukoni. Nafasi amepewa aliyepata mbili. Matonya hakupewa kitu, lakini watu wa huku bado humwita Bwana Tano kwa heshima, na jumbe bado anasubiri barua kutoka Darisalama. Sijamwambia. Nimechoka kueleza.

Basi hivyo ndivyo insha ilivyosahihishwa. Nyundo aliyopewa na nyapara ipo nyuma ya mlango wangu, ukiitaka nitakutumia. Hatibu anakaa kwetu. Swaumu humkatia nyama, naye jioni hujifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Ndiye mwandishi niliyekuambia umstahimili. Ameandika maneno yote haya, hata yale ya kubadhi, na kila nilipotaka kuyapunguza alinyanyua kalamu, akanitazama, akangoja niseme sawasawa.

Nisalimie shemeji Kuluthumu, lakini usimsomee barua hii mbele ya watu. Mkalishe kwanza. Nisalimie na jirani zenu, Tabu na Bi Mishi. Mungu akulinde, kaka, akupe usingizi, maana najua utauhitaji.

Mdogo wako anayekupenda hata baada ya haya,
Shaaban

Shikamoo baba. Baba mdogo ameniachia hapa chini niandike langu. Kidonda kimefunga. Sina kinyongo cha kuandika. Jambo moja tu silijui: siku ile kwa jumbe, hukuniamini kweli, au uliona haya mbele ya watu? Nimemuuliza baba mdogo, naye hajui.

Hatibu