Kokoto za Mezani

Jumapili, 3 Mei

Leo Baba kaiona reli yangu. Siku tano yuko hapa kwetu, siku tano namzungusha asifike chumba cha nyuma. Kumbe goti likianza kupona na umbeya unarudi! Nimetoka kuanika nguo, namkuta ameinama juu ya meza, mikono nyuma, miwani puani.

Mita mbili za reli ya kuchezea, stesheni moja, njia moja ya pembeni. Miezi saba ya jasho langu. Kaitazama dakika nzima. Kisha akauliza kama kuna treni imewahi kupita hapo.

Nikamwambia inapita kila jioni.

"Haijapita," akasema. "Hizi reli zimetoka dukani asubuhi." Akaenda kunywa chai yake.

Miaka thelathini na moja aliongoza kikosi cha watengeneza njia ya reli. Wenzake walimwita Kipimo. Sasa naelewa kwa nini hawakumtafutia jina la upole zaidi. Mume wangu kacheka mpaka akashika ukuta.

Jumatatu, 4 Mei

Nimerudi kazini na brashi nyembamba, ile tunayopakia rangi meno ya bandia. Bosi asijue. Baba kavuta kiti, kakohoa, somo likaanza.

Kutu! Ubavuni reli huwa ya kahawia iliyofifia. Juu, magurudumu yanapopita, inang'aa. Mataruma nayo, zile mbao zinazobeba reli, si meusi kama nilivyoyanunua; mbao iliyopigwa jua na mvua miaka ishirini inakuwa ya kijivu. Nimechanganya rangi mara nne. Mara ya nne Baba akasema "Hm." Kwake hiyo ni hotuba.

Basi kwa furaha nikapaka ubavuni, nikapaka na juu. Nikawasha umeme — treni imesusa, haiendi mbele wala nyuma. Rangi imeziba reli, umeme haupiti! Baba kacheka, kacheka mpaka miwani ikadondoka, akatoa leso yake akaanza kusugua. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tumzike Mama. Nimejifanya naokota brashi chini ya meza, nikakaa huko kidogo.

Jumanne, 5 Mei

Daktari kasema goti limepona. Tumefika nyumbani, hata viatu hajavua, Baba kampigia dereva wa teksi: Jumapili saa tatu asubuhi, ampeleke stendi.

Nimemwomba abaki. Si wiki, si mwezi — abaki kabisa. Akasema ana nyumba yake. Najua ana nyumba yake! Ndiyo ile aliyoanguka bafuni mwake, akaumia goti, akalala sakafuni tangu asubuhi mpaka jirani alipokuja jioni kuazima nyundo. Nikamkumbusha. Akasema aliteleza tu, na sakafu ilikuwa na ubaridi mzuri.

Naogopa siku ambayo jirani hatakuwa na haja ya nyundo. Basi, nimeandika.

Jumatano, 6 Mei

Kokoto. Nimeponda mawe halisi, nikayachekecha kwa chujio la chai. (Mume wangu anatafuta chujio tangu jana. Sijui lolote.)

Baba kakaza: kokoto zijae kati ya mataruma, zisipande juu yake. Pembeni ziteremke taratibu. Mbele ya stesheni, treni inaposimama, pawe na weusi wa oili iliyodondoka. Kila punje iliyolala vibaya anainyooshea kidole, na macho hayo anadai hayaoni gazeti.

Lakini kwenye gundi nimempiga bao. Nimenyunyizia kwanza maji yenye tone la sabuni ya vyombo, ndipo nikadondosha kwa sindano gundi iliyozimuliwa. Ikaingia yenyewe mpaka chini. Bila sabuni inabaki juu na kuzisogeza kokoto. Baba hakulijua hilo. Akauliza nani kanifundisha. Nikasema nimejifunza kwa kuharibu. Akaniangalia muda mrefu, nami nikajiona mtu mkubwa, na umri wangu huu!

Jioni mume wangu kaninong'oneza jikoni: mzee hajataja nyumba yake tangu asubuhi. Hiyo reli ikiisha hana kinachomshika hapa. Sasa mna haraka ya nini?

Alhamisi, 7 Mei

Nimefanya dhambi.

Nilikuwa na ruhusa ya nusu siku. Baba alipojilaza mchana, nikaingia chumba cha nyuma, nikamwaga kokoto ovyo kwenye kona nzima, juu ya mataruma, juu ya reli, nikagandisha kwa gundi nzito ya haraka. Hata zile ncha za reli zinazosogea kuipeleka treni njia ya pembeni, nimezigandisha tuli. Mimi, binti wa Kipimo!

Alipoamka akavaa miwani. Akavua, akaifuta, akavaa tena. Akasema mtu wa kikosi chake aliyefanya kazi hii angefungashiwa virago kabla ya chakula cha mchana. Nikasema mkono uliteleza.

"Uliteleza kona nzima?"

Mume wangu akakohoa, akatoka nje.

Tumekaa na vibano mpaka saa kumi na mbili, tunabandua punje moja moja. Na Baba anazungumza! Kanieleza Mama alivyokuwa akimfuata kambini kwa miguu, akikanyaga taruma kwa taruma na kuyahesabu kwa sauti, na akikosea hesabu anarudi nyuma kuanza upya. Miaka yote hii sikuwahi kuisikia hiyo. Dhambi yangu siijutii hata kidogo.

Jumamosi, 9 Mei

Imekwisha. Kazi niliyodhani itamchukua wiki kaimaliza jana kabla ya chai ya jioni. Mzee gani huyu!

Leo treni imezunguka mara kumi bila kukwama. Baba kainama usawa wa meza, jicho moja kafumba. "Sasa imepita," akasema. Siku nyingine ningeruka mpaka dari. Leo nimeitikia tu.

Baada ya chakula nilishika kopo la kokoto, nikaliangalia, nikalirudisha. Atanijua. Huenda kashanijua. Nguo zake zimekunjwa, begi limefungwa, viatu vimepigwa rangi. Sikumwomba tena abaki. Nimeogopa jibu lile lile.

Jumapili, 10 Mei

Saa tatu na dakika tano. Naandika nimesimama jikoni. Teksi iko nje, begi liko mlangoni. Baba hayupo mlangoni.

Nimemkuta chumba cha nyuma, koti mwilini, kofia kichwani. Mbele ya stesheni, pale palipotutoka vizuri kuliko pote, kokoto zimeng'olewa. Shubiri nzima! Mataruma wazi. Na jana jioni palikuwa safi, nimepapiga na picha.

"Hapa pamelegea," kasema, bila kunitazama.

Kucha zake zimejaa gundi.

Nikasema kweli, pamelegea sana. Sijui sauti ile niliitoa wapi.

Akauliza, gundi ikiwekwa leo inakauka baada ya muda gani. Inakauka usiku mmoja. Nikamwambia wiki.

"Wiki nzima?"

Nikasema na unyevunyevu huu, labda mbili.

Akatikisa kichwa. Akasema si haki kuacha njia katika hali hii, treni ikianguka lawama ni zake. Akavua kofia. Akaivaa tena. Honi inalia. Mume wangu kakimbilia kwa dereva, sijui anamwambia asubiri au aondoke, na sitaki kuchungulia dirishani.

Baba ananiita. Anataka kiti. Si kile kigoda, anasema — kile chenye mgongo.