Kidole Chako Kwenye Shaba

Tata,

Mama amekwisha kununua malimao. Yako mezani pamoja na chumvi. Kesho, kabla ya misa ya mwaka mmoja tangu ututoke, nitapewa kitambaa nisugue ile sahani ya shaba uliyokuwa unaigonga kwa nyundo kuichora ulipougua. Anataka ing'ae, kisha tuipigilie kwenye msalaba wako.

Ulitukataza kugusa shaba iliyosuguliwa. Tuishike pembeni, kama picha, kwa sababu jasho la kidole huiachia doa. Lakini siku ile ulipougua mikono yako ilikuwa inatetemeka, ukaishika katikati. Sasa doa limekuwa jeusi. Ni dole gumba lako, Tata, na mistari yake yote. Sijamwambia mtu kwamba malimao yatalifuta. Unanijua, hata ruhusa ya kutoka darasani inanishinda kuomba.

Prof wetu wa kemia shuleni amenipa mada: jinsi metali inavyoshikana na oksijeni. Nimesoma kwamba wataalamu wanaupiga uso wake kwa eksirei, elektroni zinaruka nje, na nguvu zinazoruka nazo zinasema kama zimetoka kwenye shaba tupu au shaba iliyokwisha kubadilika. Zinatoka kwenye ngozi ya juu tu, nyembamba kuliko kitu chochote ninachoweza kufikiria. Kidole chako kiko humo. Zamani ilibidi wanyonye hewa yote kwanza, maana hewa inazizuia elektroni njiani. Basi waliitazama shaba mahali ambapo hakuna kinachoipata. Siku hizi wanaacha gesi iiguse, na tundu dogo karibu kabisa na uso linazipokea elektroni kabla hazijapotea. Wanaiona ikibadilika.

Mimi nilitaka kuifunga sahani yako kwenye plastiki na kuificha chini ya kitanda. Ningesema imeibwa. Lakini Mama angelia, na misa ingepita bila kitu chako.

Nimeacha kuandika kidogo, nimemwendea jikoni. Nilimnyooshea sahani, nikamwonyesha doa tu. Akaipeleka dirishani, akaigeuza kwenye mwanga. Kwanza akasema, "Tata yako hakukuwa anapenda bitu ya uchafu." Kisha akaisogeza karibu na macho. Akaweka dole gumba lake hewani juu ya lako, bila kugusa. "Sugua pembeni. Hapa katikati, wacha."

Malimao mawili amekwisha kuyakamulia samaki.

Bado naogopa. Huko makaburini kuna mvua, na malori ya mgodi wa Mutoshi yanatupa vumbi lao. Shaba yote itakuwa nyeusi, halafu kijani, na siku moja sitaona tena mistari yako. Siwezi kuizuia. Lakini sitaifunga kwenye plastiki. Nikitoka shuleni nitapita, nitaangalia ilivyobadilika, nitakuambia. Kwa sauti, hata kama watu wanapita.

Lala, Tata. Kesho nitaishika pembeni.

Mwanao, Kapinga