Ubavu wa Kulia

Mama,

Ijumaa alfajiri niligeukia ubavu wa kulia nizime kengele ya simu, nyumba nzima ikanizunguka. Dari ikaenda, kitanda kikaenda. Nikashika ukingo kwa mikono miwili, jasho linanitoka, mke wangu Rukia anauliza kuna nini. Ndipo nikakukumbuka wewe, na miaka yote uliyolala umeegemea mito. Hukulalia kulia kamwe. Ulisema ni kisunzi kidogo tu, kitapita.

Kidogo! Walahi, Mama, sikujua.

Daktari naye kanishangaza. Nilitaka ugonjwa mmoja, akanipa matatu yaliyopandana: vijichembe vya ndani ya sikio vimehama mahali pake, pingili za shingo zimechakaa, na dawa ya presha huishusha mno nikiinuka ghafla. Moja likianza, huamsha jingine. Nikakumbuka mabishano yetu ukumbini. Shangazi alisema ni hasadi, mwenye duka la dawa akasema sikio, mimi nikashikilia kuwa ni kule kuinamia mikono ya mabibi harusi kutwa ukiwapaka piko. Tulikukanda shingo, tukajiona tumemaliza.

Lakini lililonikata maini ni jingine. Mimi ndiye niliyeshuka kaburini kukupokea. Nikakulaza ubavu wa kulia, uso kibla, nikakuwekea madongo mgongoni usirudi chali. Kwa mikono yangu hii. Ndivyo inavyopasa, najua, na maiti hana kisunzi. Hata hivyo tangu Ijumaa mwili wanisisimka, siamini kuwa hukukisikia.

Nami nilikusudia kunyamaza kama wewe. Jumatatu nikaenda kazini Shimanzi, nikapanda lori langu, nikageuza shingo nirudi nyuma kuingia godauni, godauni likainama. Nyuma yangu mahamali walikuwa wamekalia magunia wanakunywa chai. Nilikanyaga breki, sijui vipi. Nikashuka, nikampa tajiri wangu funguo mbele yao wote. Nikamwambia, "Mimi ni mgonjwa, siwezi kuendesha." Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Hajasema kama ana kazi nyingine ya kunipa. Nyumbani Rukia alilia, kisha akaenda kupika.

Mungu akupanulie kaburi lako, Mama, akupumzishe na yote uliyoyaficha. Nami nakuahidi hili: wanangu hawatangoja wanizike ndipo wayajue maradhi yangu.

Mwanao,
Salimu