Gari Lenye Kompyuta

Jumanne, 2 Machi 1999

Kompyuta imefika kutoka Nairobi! Haina vitufe. Unagusa kioo kwa kidole, inaitikia. Daktari Waliaula, mkubwa wetu wa mradi, anataka ifungwe ndani ya gari ninaloendesha, ili tukipima watoto huko ufuoni mwa ziwa Lornah aandike uzito wao papo hapo. Lornah ndiye nesi wetu. Aligusa kioo, akacheka. Mimi nilikataa kugusa. Nikiharibu je?

Umeme utatoka kwa betri ya gari. Fundi Ogola wa Kondele ameweka kisanduku chini ya kiti cha abiria, eti kinageuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Waya umepita karibu na mguu wangu. Nikamwambia huu ni moto tunaubeba. Akasema hata redio hubeba umeme, na hajasikia dereva aliyeuawa na muziki.

Sikucheka.

Alhamisi, 4 Machi 1999

Kompyuta imezima tena. Fyuzi imekatika! Jana Nyalenda, leo Dunga, akina mama wamepanga foleni na watoto wanalia. Daktari akamwita Ogola. Wageni wenye mradi wanakuja kuiona, hataki izimezime mbele yao. Ogola akafungua boneti, akanituma soda. Niliporudi kazi imeisha.

Na kweli, haijazima mchana kutwa. Daktari anatabasamu.

Lakini kuna harufu. Kama ndoo ya plastiki iliyosogezwa karibu na jiko. Lornah hasikii kitu — ana mafua. Daktari alinusa akasema ni ugeni wa mashine, itaisha.

Haijaisha.

Jumatatu, 8 Machi 1999

Mungu ni mkubwa.

Tulikuwa tumepita Bondo. Moshi ukaanza chini ya dashibodi, mwembamba, kama wa sigara. Halafu ukajaa. Sikuona barabara! Nikakanyaga breki, gari likaenda kando, likasimama kwenye majani. Lornah anavuta kitasa, mlango haufunguki. Anapiga kioo kwa ngumi, ananiita, "Mama Jentrix! Mama Jentrix!" Sauti hiyo siwezi kuisahau.

Nilizunguka nikamfungulia kwa nje. Kisha boneti. Ule waya ulikuwa umeyeyuka, unanata kama ulimbo. Niliushika kwa mkono mtupu nikauvuta hadi ukang'oka kwenye betri. Ngozi ya kiganja changu cha kushoto ilibaki nao.

Wakulima wawili wakaja na mchanga. Hapakuwa na miali, moshi tu. Lornah alikaa chini barabarani akaimba wimbo wa kanisa huku analia. Mimi sikulia. Nilikuwa naangalia tangi la mafuta.

Jumatano, 10 Machi 1999

Nyumbani. Mkono umefungwa, unapwita. Binti yangu Jentrix ananifunga leso kama mimi ndiye mtoto.

Daktari alikuja na machungwa. Alishika kichwa, akasema pole mara nyingi, na nikaona anamaanisha. Kompyuta yenyewe haikuungua. Ogola ameweka waya mpya. Nipumzike, Dishon ataendesha badala yangu.

Nilishukuru. Moyo ukatulia kidogo. Halafu nikakumbuka Lornah hakupewa mapumziko.

Ijumaa, 12 Machi 1999

Asubuhi Ogola amekuja kunijulia hali, na dagaa wa omena kwenye gazeti. Akakaa. Chai ikapoa mbele yake. Nikamwuliza kwa nini ile fyuzi haikukatika Jumatatu, si kazi yake ni kukata umeme waya ukipata moto?

"Haikuwa fyuzi tena, Mama Jentrix."

"Ilikuwa nini?"

"Zilikuwa zinakatika kila mara. Nikaizungushia ile karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, umeme upite tu usikatike. Matajiri wote wa magari wananiambia niwafanyie hivyo."

Nikamwuliza, na sasa?

Akaangalia mlango. "Sasa waya ni mnene."

"Na fyuzi?"

"Yawa, jamani! Daktari alikuwa amesimama juu yangu. Wageni wanafika kesho."

Karatasi ile ile!

Na Dishon ameondoka alfajiri na Lornah kwenda Mbita. Watavuka na feri. Wamebeba jerikeni za petroli, huko ni adimu. Barabarani unaweza kusimama na kukimbia. Kwenye feri unakimbilia wapi?

Nilikimbia hadi kibanda cha simu. Rosa wa ofisini akasema Daktari yuko Nairobi kupokea wageni, nitulie, gari limetengenezwa. Nikamwambia atafute polisi wa Bondo. Akaniuliza awaambie nini. Karatasi ya sigara?

Nimechukua kibeti na kitabu hiki, napanda matatu hadi gati ya feri, Luanda Kotieno. Ogola amenifuata bila kuambiwa.

Ijumaa hiyo hiyo, Luanda Kotieno

Gugu maji lilikuwa limeziba gati, feri ikachelewa. Nusura tuwahi! Tumefika ndipo inaondoka gatini kinyumenyume, maji yanachemka. Gari letu jeupe liko katikati ya watu, magunia na mbuzi.

Nilipiga kelele hadi koo likakauka. Nikavua leso nikaipunga. Lornah yuko kwenye ukingo, namjua kwa sare yake ya kijani. Ameniona! Akapunga mikono yote miwili, akamwita Dishon aje aone. Wanadhani nimekuja kuwaaga.

Ogola amevua viatu, ameingia majini hadi kifuani. Amembembeleza mvuvi mwenye mtumbwi wa injini waifukuze feri, sasa wamo ndani. Mimi wamenikatalia, kwa ajili ya mkono. Basi naandika, nikikaa bure nitapasuka.

Lornah ameacha kupunga. Anafungua mlango wa gari. Usiwashe kompyuta, dada, usiiguse. Ameingia. Amefunga.

Injini ya mtumbwi imekohoa, imezima. Ogola anavuta kamba tena.