Mzee Anayejibu Kanda Ikiwa Imezimwa

Mpendwa Shangazi,

Naomba unisaidie, na usinicheke. Niko na duka la mabati hapa Kitengela nililoanzisha bila mkono wa mtu, na ndilo linanisomesha PhD ya historia, kwa hivyo asiniambie mtu eti kusoma kumenirusha akili. Huwa narekodi wazee wa Kajiado wakikumbuka njaa za zamani, na msimamizi wangu, Daktari Obura, alinifunza kuanza kila kanda kwa kumtaja mzee jina kamili, nimsalimie, yeye ajibu, ndio maswali yafuate. Mzee mmoja nilimtaja, nikamsalimia kwa Kimaa, "Supa," akajibu "Epa," akaongea mchana mzima, kisha kabla mvua ya El Nino haijaisha akafariki. Mwanawe Parsaoti, anayenitafsiria Kimaa, akaja dukani tuendelee na kazi, nikaweka kanda, sauti yangu ikaita lile jina, naye akasimama kama ameungua.

"Mama Jackie, kwetu mtu akishaenda jina lake haliitwi. Umemwita."

"Wewe na digrii yako ya ualimu ndio unaniambia hayo?"

Hakucheka. Alichukua kofia akaenda, na hajarudi.

Shangazi, tangu siku hiyo nikiweka kanda, lile jibu la "Epa" halitoki kwa mashine, linatoka nje, upande wa rundo la mabati. Nikazima kabla ya jibu, jibu likaja tu. Jana nilitoa hata betri ya mashine, nikawa naandika jina kwa tasnifu huku nikilisoma kwa sauti ya chini, na jirani yangu Muthoni akaniita juu ya ua, "Mama Jackie, si umkaribishe huyo mzee, mbona unamwacha kwa jua?" Geti ilikuwa wazi. Hapakuwa na mtu. Obura anasema bila jina la msimulizi huo ni uvumi, si ushahidi, na kati ya kanda zangu ishirini na nane hii ndiyo inabeba tasnifu. Nitupe kazi ya miaka sita ama nizoee?

Aliyechoka, Kitengela

Mama Jackie,

Pole, lakini na wewe pia! Umewauzia Wamaasai mabati miaka yote, na hujawahi kuuliza wanaombolezaje? Parsaoti alikupa jibu bure, ukamrushia digrii usoni.

Usizoee. Mtu akiitwa huja, na huyu akija hana wa kumpokea, anabaki kusimama juani. Anayeumia si wewe. Ni yeye, na wewe ndiye unayemtesa.

Enda bomani kwao na hiyo kanda. Omba msamaha kwa mjane kwanza, halafu kwa Parsaoti. Wao ndio watasema kanda ikae wapi na marehemu atajwe vipi. Wakikubali, andika "baba yake Parsaoti," weka sababu kwa tanbihi, na Obura akikataa, mwambie aje aite hilo jina mwenyewe, hapo kwa geti yako.

Jina la mzee ulilotuandikia tumelifuta kwenye barua kabla ya kuichapisha. Lakini mhariri wetu hapa gazetini alikuwa amelisoma kwa sauti asubuhi, na sasa askari wa mlangoni anauliza ni nani hapa alimwita mzee aliyesimama kwa korido. Enda leo.