Kola Ishirini Zisizo Zake

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila nisome mpaka mwisho kabla hujanihurumia, maana hii si barua ya mtu anayelia, ni barua ya mwanamke wa miaka sitini na mmoja ambaye kwa miezi miwili sasa anaamka na hamu ya kazi kama msichana aliyenunuliwa viatu vipya.

Niko katika kiwanda kidogo cha kushona sare za shule. Niliingia humo miaka thelathini iliyopita, nikiwa nimekimbia kwetu na mkoba mmoja, mkasi wa marehemu mama na vitabu viwili, na aliyenipokea ni fundi tunayemwita Bwana Kola, kwa sababu hakuna aliyewahi kushona kola ya shati ikakaa shingoni kama yake. Alinisogezea nusu ya meza yake bila kuniuliza natoka wapi, akasema tu, "Mdogo wangu, kaa. Mwanga wa dirisha hili unatutosha wawili." Kwetu sijarudi, na siku hizi nikikumbuka nyumbani, ile meza ndiyo ninayoiona kwanza.

Miaka yote hiyo kila fundi alishona shati lake tangu mwanzo hadi vifungo, kisha akafunga ndani ya pindo fundo la uzi wa rangi yake, langu kijani, lake jekundu, ili likirudi na kasoro ijulikane ni la nani. Mwaka huu mwenye kiwanda amestaafu, binti yake ameshika usukani, akaamua tushone kwa safu, mmoja mikono, mmoja mifuko, mmoja kola, shati likipita mkono hadi mkono, na akaniteua mimi kuongoza mabadiliko hayo, mimi niliyezoea kuambiwa "Shangazi, tusogezee pasi"! Nilipanga meza upya, nikachora safu kwa chaki sakafuni, mafundo ya uzi nikayafuta kwa kuwa yanachelewesha, nikabishana na mshona mifuko aliyedai tunageuzwa siafu, na wiki ya tatu tukatoka mashati arobaini kwa siku hadi themanini, mshona mifuko mwenyewe akapiga vigelegele, "Shangazi, kumbe siafu wana raha yao!"

Sasa tatizo. Bwana Kola ana miaka sabini na miwili, mikono yake ina ufundi lakini haina tena mbio, kwa siku anatoa kola sitini, hazizidi, nami nikaona haya kumtazama mtu aliyenipa meza akirundikiwa vitambaa mbele ya watu, basi nikaanza kuwahi kazini kabla ya wengine, na mchana wanapokwenda kula nabaki, nashona kola ishirini, nazichanganya katika kikapu chake, nikijiambia ni wiki moja tu, na sasa ni ya sita. Yeye hajasema kitu, ila juzi alichukua kola moja akaigeuza dirishani, akacheka, "Siku hizi cherehani yangu inashona hata nisipokuwepo." Nikacheka naye, nikaenda zangu.

Kisha binti wa mwenye kiwanda akaniita ofisini, macho yanang'aa. "Mama, nafungua chumba cha pili! Watu kumi wapya! Na kama mzee wetu anatoa kola themanini, vijana watashindwaje mia, kila mmoja kwa kipande chake? Atakayeshindwa, hatapita majaribio." Ameshaagiza ubao wa ukutani, jina la Bwana Kola juu kabisa, liwe mfano; utatundikwa mwisho wa mwezi. Nilitaka kusema. Nikasema, "Hongera, mwanangu." Nikitoa ukweli namvunjia heshima aliyenipa pa kukaa, na huenda nikanyang'anywa safu ninayoipenda kuliko nilivyodhani naweza kupenda kitu tena, nikinyamaza, watu kumi watapimwa kwa kipimo cha mtu mmoja, kumbe ni wawili. Nifanyeje?

Shangazi wa Safu

Mshauri anajibu:

Shangazi, barua yako nimeisoma nimesimama, na nilipofika kwenye siafu nikapiga makofi peke yangu. Hongera. Sasa kaa chini, nikuseme.

Uliteuliwa uongoze safu, ukageuka mshona kola wa siri. Kazi ya kiongozi ni kuona panapokwama na kupatengeneza; wewe ulipaona mapema, ukapafunika kitambaa. Ulidhani unamsitiri mzee, kumbe unamvika kilemba cha ukoka, na mwisho wa mwezi kitatundikwa ukutani, na kijana asiye na kosa atarudishwa kwao kwa sababu hana shangazi wa kumjazia kikapu.

Halafu nikuulize. Mtu ameshona kola tangu kabla wewe hujafika, kisha anaigeuza moja dirishani. Unadhani alikuwa akitafuta vumbi? Wewe ungewekewa mashati mia, usingeutambua mshono wako? Anajua, Shangazi. Ule utani wa cherehani ulikuwa mlango, amekufungulia, ukacheka ukapita. Huenda ananyamaza ili asikuharibie cheo chako, kama wewe unavyonyamaza ili usimharibie jina lake. Wawili mmesitiriana hadi hakuna anayeonana na mwenzake.

Usisubiri mwisho wa mwezi. Nenda kwake kwanza, pale pale mezani, si nyumbani kwake na zawadi mkononi kama mtu aliyefiwa. Mwambie, "Kaka, kola ishirini kila siku ni zangu. Niliona haya kukuuliza." Kisha nyamaza. Na usimpelekee kazi uliyokwisha kumpangia. Muulize anataka nini. Pengine atataka mwenzake wa kushona naye kola, pengine kuwafundisha wale kumi, pengine kupumzika, na hilo nalo ni haki yake. Jibu ni lake.

Siku hiyo hiyo, ingia ofisini na hesabu halisi: sitini. Usiseme "tulikosea." Sema "nilificha." Binti atakasirika, muache akasirike, amepanga chumba kizima juu ya namba uliyompa wewe. Mwombe mia ifutwe na kola zipewe watu wawili, hata kama maana yake ni kuchelewa kufungua. Akikuvua cheo, utarudi mezani na uzi wako wa kijani, na siku hiyo ndiyo utakuwa umeongoza kweli. Lakini aliyeweza kumgeuza mshona mifuko, sidhani kama bosi mwenye akili atamwachia kirahisi.

Na yale mafundo yarudi. Uliyafuta kwa kuona yanachelewesha, na bila hayo ndipo kola za wawili zilipoweza kuvaa jina la mmoja. Safu haikatazi mtu kuweka uzi wake kwenye sehemu aliyoshona. Fundo moja halimalizi dakika.

Anza wewe. Kesho ukishashona ishirini zako, usizichanganye. Zifunge uzi wa kijani, ziweke mbele yake, kisha vuta kiti. Mwanga wa dirisha lile, alishakuambia mwenyewe, unawatosha wawili.