Rejeta Mpya ya Kapteni

Jumanne, usiku

Sijamwambia mtu: rejeta mpya ya jipu la Kapteni ni ileile yake ya zamani. Baba aliziba matundu kwa risasi ya kulehemu, mimi nikaipaka rangi nyeusi.

Tungefanyaje? Spea hazipo Kampala nzima, na Kapteni alishasema, "Fundi, nataka mpya. Kama hapana, wewe ndiyo utapanda nyuma ya hii gari."

Leo akaja gereji. Nikajibanza nyuma ya matairi. Akaitazama, akatabasamu. Halafu akadai apewe ya zamani, kama wateja wote wa mtaa wetu wa Namuwongo, maana bila hiyo utajuaje umebadilishiwa? Baba akamletea rejeta mbovu ya lori.

Kapteni akaipiga teke. "Ona takataka nilikuwa natembea nayo! Mzee, wewe si mwizi kama wale wengine."

"Asante, afande."

Shuleni wanatukataza uongo kwa Kiingereza, madrasa kwa Kiarabu. Rangi hawakuitaja.

Kesho Kapteni anakwenda na jipu lake Gulu. Likichemka njiani, watakuja kumchukua Baba. Lisipochemka, ataleta jipu la rafiki yake, ameshaahidi.

Nasikia kandambili za Baba zinakuja mlangoni. Najua anakuja kuuliza kama rangi imebaki. Naficha hii karata—